Kuomba Ruhusa ya Kuvua Mito Inayopita Kwenye Mashamba ya Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaovua trauti kwa fimbo katika mito inayoshuka kutoka safu za Aberdare na Mlima Kenya: Gura, Chania, Mathioya, Sagana, Thego, Ragati, Thiba, Naro Moru na vijito vyake. Karibu yote yanazunguka jambo moja. Mto unajulikana, samaki wanajulikana, lakini kati ya barabara na maji kuna shamba la mtu.

Mto si wa umma? Mbona niombe ruhusa?

Mto ni wa umma kweli. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Maji ya 2016 inayaweka maji mikononi mwa serikali kuu kwa niaba ya wananchi. Hakuna mkulima anayeweza kudai kwamba trauti wanaopita mbele ya shamba lake ni wake. Hata historia ya samaki hawa inathibitisha hilo: mayai ya kwanza yaliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan kutoka Loch Leven, Scotland, yakapandwa katika mto Gura, na miaka mingi baadaye kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga kule Kiganjo, Nyeri, kimekuwa kikiipa mito mbegu.

Lakini njia ya kufikia mto si mto. Ukitoka barabarani unapita kwenye majani chai ya mtu, unashuka kando ya zizi lake, unasimama ukingoni alikopanda nduma (magimbi). Hapo ndipo sheria nyingine inapoingia, ile ya kuingia ardhi ya mtu bila idhini, sura ya 294 ya Sheria za Kenya. Inasema kuingia au kukaa katika ardhi ya binafsi bila idhini ya anayeikalia, na bila sababu ya msingi, ni kosa. Na ukishtakiwa, mzigo wa kuonyesha kwamba ulikuwa na idhini ni wako. Mwenye shamba hahitaji kuthibitisha kwamba alikukataza.

Nina leseni ya uvuvi. Haitoshi?

Haitoshi. Leseni inakuruhusu kuvua samaki. Haikuruhusu kupita kwa mtu. Ni vitu viwili, vinatoka kwa watu wawili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Vilevile ruhusa ya mkulima, hata akiwa mkarimu namna gani, haikuondolei wajibu wa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016.

Kwa leseni, anzia ofisi ya uvuvi ya kaunti unakokwenda. Watakueleza ada ya sasa, mto gani uko wazi, na masharti ya chambo na ukubwa wa samaki. Yasome masharti hayo hapo hapo ofisini na uulize usipoelewa. Na ibebe leseni yako unapokwenda kubisha hodi. Mkulima ambaye hajawahi kukuona anatulia akiona karatasi yenye muhuri, kwa sababu inamwonyesha kwamba hukuja kuvua kwa dawa ya sumu.

Na ule ukanda wa ukingo wa mto, mita sita hadi thelathini? Si njia ya kila mtu?

Hili ndilo linalowaponza wengi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Kanuni za rasilimali za maji zinataja ukanda wa ukingo wenye upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kutegemea upana wa mto. Ndani ya ukanda huo mwenye ardhi anazuiwa mambo kadhaa, kama vile kulima, kujenga au kukata miti ovyo. Lakini kumzuia mtu asilime ukingo si sawa na kukupa wewe njia. Kanuni hizo zinalinda maji. Hazikufungua barabara ya wapita njia kando ya kila mto.

Zaidi ya hayo, teremka bonde lolote la Murang'a au Nyeri utaona hali halisi: nduma zimefika majini, napia, majani ya kulishia ng'ombe, imepandwa hadi kwenye mchanga, na seng'enge imefungwa kwenye mti uliolalia mto. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu kilimo cha ukingoni, na mimi ninayo yangu, maana udongo unaobomoka pale ndio unaofunika kokoto ambamo trauti hutaga. Lakini siku uliyokuja kuomba njia si siku ya kumfundisha mtu sheria ya ukingo. Ukianza na hilo umeshafukuzwa.

Ni nani hasa wa kuombwa?

Anayeikalia ardhi. Neno hilo ndilo lililo kwenye sheria, na ndilo linalokusaidia kwa vitendo, kwa sababu jina lililo kwenye hati miliki mara nyingi halikusaidii chochote. Katika mashamba mengi ya nyanda za juu hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani, urithi haujakamilishwa, na ardhi inalimwa na wanawe watatu au wajukuu saba walioigawana kwa maneno. Mwingine yuko Nairobi au Doha na shamba linaangaliwa na shemeji. Anayelima pale, anayeamka pale, ndiye wa kuombwa.

Elewa pia umbo la mashamba yenyewe. Katika nchi ya Wakikuyu vipande vingi ni vyembamba na virefu, vinaanzia juu ya mgongo wa kilima kwenye barabara na nyumba, vinashuka hadi mtoni, ili kila familia ipate barabara juu na maji chini. Maana yake kwa mvuvi ni kwamba ukitembea kando ya mto mita mia tatu tu, unaweza kuwa umepita kwa familia nne au tano. Ruhusa ya mmoja ni ya kipande chake. Anayekwambia "pita tu, hapa sote ni ndugu" pengine anasema kweli, lakini mwulize ndugu hao ni akina nani na majina yao, halafu ukawasalimie.

Ukimkuta mke na mume wana maoni tofauti, ichukue kuwa hapana. Mara nyingi mama ndiye anayeshinda shambani na ndiye atakayekukuta ukingoni saa nne asubuhi akija kukata napia. Ruhusa ambayo mama wa nyumba haijui ni ruhusa nusu.

Nitawajuaje wenye vipande hivyo vyote?

Katika eneo la chai kuna mahali ambapo utawapata wote kwa saa moja: kituo cha kununulia majani chai. Siku ya kupima, wakulima na wachumaji wanafika na vikapu, wanamwaga majani juu ya meza na kuyachambua, wanasubiri mizani na lori la kiwanda. Watu wanakaa, wanazungumza, hawana haraka hadi lori lifike. Fika pale, salimia wote, sema jina lako na unakotoka, kisha useme unatafuta wenye mashamba yanayoshuka hadi mtoni kati ya daraja hili na lile. Utaonyeshwa kwa kidole. Kuna faida nyingine: kesho mtu akikuona bondeni, tayari ameshasikia habari zako, na hatapiga mayowe.

Pasipo na chai, duka la karibu na daraja linatosha, au kinyozi, au mwenyekiti wa mradi wa maji. Naibu wa chifu pia anafaa kujulishwa, hasa kama utalala eneo hilo au utakuja mara kwa mara. Naibu wa chifu hatoi ruhusa ya kupita kwenye shamba la mtu, na usikubali mtu akuambie kwamba idhini yake inafunga kila mlango. Kazi yake kwako ni kwamba akipigiwa simu kuwa kuna mgeni mtoni, atajua ni nani.

Niende lini, na niseme nini?

Usiende kuomba siku ile ile unayotaka kuvua, ukiwa umevaa viatu vya mpira vya kuingilia majini na fimbo mkononi. Hiyo inamweka mwenyeji mahali pabaya: akikataa anaonekana mkatili, akikubali amekubali kwa kubanwa. Nenda siku ya mbele, mchana au alasiri, si alfajiri ng'ombe wanapokamuliwa wala giza likishaingia. Jumapili asubuhi watu wako kanisani. Alasiri yake ni nzuri.

Simama nje ya geti, piga hodi, subiri. Mbwa akitoka usimpite hata kama anatikisa mkia. Ukikaribishwa, salimia kwanza na umalize salamu: hali ya nyumba, mvua, chai. Ukipewa kikombe, kinywe. Halafu sema mambo yako wazi, kwa mfano:

"Mzee, mimi naitwa fulani, natoka Thika. Navua samaki kwa fimbo, hawa trauti wa mto huu, na leseni yangu ni hii. Nilikuwa naomba kama ungeniruhusu nipite kwenye shamba lako Jumamosi asubuhi, nishuke kwa ile njia ya kando ya mti ule, nivue hadi saa sita, kisha nirudi kwa njia hiyo hiyo. Niko peke yangu, sina mbwa, na gari nitaliacha barabarani."

Angalia mambo yaliyomo: jina, unakotoka, siku, saa, njia ya kuingia na kutoka, idadi ya watu, gari. Mwenyeji anahitaji kuyajua hayo yote na atayauliza usipoyasema. Kisha nyamaza. Akikaa kimya akifikiri, mwache afikiri.

Kuna swali moja zaidi la kumwuliza, na ni watu wachache wanaoliuliza: "Kuna mahali ambapo hungependa nipite?" Atakwambia kuhusu kitalu cha miche, kaburi la mzazi wake, ng'ombe aliyezaa juzi, au mahali ambapo akina mama huoga na kufua. Vitu hivyo huwezi kuviona kutoka barabarani.

Lazima nijue Kikuyu?

Hapana. Kiswahili kinatosha karibu kila mahali. Lakini kumsalimia mzee wa miaka themanini kwa "wĩ mwega" na kumshukuru kwa "nĩ ngatho" hakuna hasara. Kama hujui zaidi ya hapo usijifanye. Mwombe kijana wa nyumbani akutafsirie, na umtazame mzee unapozungumza, si kijana.

Nimlipe?

Kwa kupita tu, desturi haidai malipo, na nisingependa wavuvi wazizoeshe njia za mabondeni kuwa za kulipia, kwa sababu mvuvi kijana wa pale pale kijijini ndiye atakayefungiwa kwanza. Lakini kutokulipa si kwenda mikono mitupu. Sukari kilo moja au mkate ni kitu cha kawaida cha mgeni. Unaporudi, nunua anachouza: mayai, viazi, ndizi, nduma. Lipa bei yake bila kuvutana.

Akitaja ada mwenyewe, hilo ni lake kuamua. Kubalianeni kabla, iwe kwa siku au kwa mtu, na ulipe yeye, mkononi au kwa M-Pesa kwenye namba yake, si kwa kijana aliyejitokeza bondeni akisema ametumwa. Ukihitaji mtu wa kukuonyesha njia na kukubebea mzigo, mchukue kijana wa nyumba ile ile au ya jirani, na umlipe ujira wa kibarua wa siku nzima hata kama mmemaliza saa sita.

Tuandikiane?

Kwa shamba la familia, neno linatosha, na ukimletea mzee karatasi ya kutia sahihi siku ya kwanza utamtisha. Kesi za ardhi zimewafundisha watu kutotia sahihi ovyo, na wana sababu. Badala yake mwombe namba ya simu, kisha mtumie ujumbe jioni: "Mzee, asante kwa leo. Nitakuja Jumamosi saa moja kama tulivyokubaliana, nitapita njia ya kando ya mti." Akijibu "sawa, karibu", una maandishi yenye tarehe, na hakuna aliyeogopa. Kumbuka mzigo wa kuthibitisha idhini ni wako.

Mkiwa kundi, au mnataka kutumia shamba msimu mzima, barua fupi ya ukurasa mmoja inafaa. Iseme kwamba mnapita kwa ajili ya kuvua tu, hamdai haki yoyote juu ya ardhi, na kwamba mkianguka au kupoteza kitu hamtamdai mwenyeji. Hilo la mwisho si dogo. Kenya ina sheria ya wajibu wa mwenye mahali kwa wageni wake, sura ya 34, na mkulima ambaye daraja lake la magogo limeoza ana haki ya kuwa na wasiwasi juu yako.

Vipi kuhusu mashamba makubwa ya chai na ranchi?

Huko huombi kwa kubisha hodi. Mlinzi wa geti hana mamlaka ya kukuruhusu, na ukimbembeleza unamhatarishia kazi. Andika kwa ofisi ya meneja siku kadhaa kabla, utaje majina, vitambulisho, namba ya gari, siku na sehemu ya mto. Uliza ratiba ya kupulizia dawa na ni njia zipi zinatumiwa na matrekta. Baadhi ya mashamba ya Kericho na yale ya Laikipia yana utaratibu wake wa wavuvi, mengine yanakubali wageni wa hoteli fulani tu, mengine hayataki mtu kabisa. Jibu likija, lichape au lihifadhi kwenye simu, ulionyeshe getini.

Ukanda wa chai ulio mpakani mwa msitu wa serikali, ule wa Nyayo, nao si pori. Uko chini ya shirika la serikali lililoanzishwa 1986, una walinzi, na ruhusa yake huombwa kwenye ofisi yao ya eneo hilo.

Mto ukiingia msituni au mbugani?

Hapo umetoka kwa mkulima na kuingia kwa serikali. Msitu wa serikali uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa hiyo pitia kituo cha msitu kilicho karibu, lipa kiingilio, andikisha jina. Hifadhi za taifa za Aberdare na Mlima Kenya ziko chini ya Huduma ya Wanyamapori, na kiingilio chake hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo. Mtu akikuomba pesa taslimu mkononi katika sehemu hizi, omba risiti.

Usiingie msituni bila askari wa wanyamapori au mtu anayeujua. Uzio wa umeme wa Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika 2009, ulijengwa ili kutenganisha tembo na nyati na mashamba. Ukiuvuka umeingia upande wao, na kelele ya maji inakuzuia kusikia nyati aliye hatua kumi nyuma yako.

Nina ruhusa ya ukingo mmoja. Naweza kuvuka?

Unaweza kusimama majini na kuurusha mshipi wako kuelekea upande wa pili, maana maji ni ya umma. Kupanda ukingo wa pili, kutoa ndoano iliyonasa kwenye napia ya jirani, kukaa ule chakula chako pale, yote hayo yanahitaji idhini ya jirani. Mto mara nyingi ndio mpaka, na mpaka ndio ulipo ugomvi. Familia mbili zinazotazamana huenda zimekuwa mahakamani tangu kabla hujazaliwa, na mgeni anayevuka vuka ataonekana ametumwa na upande mmoja.

Mwenyeji anaudhika na nini zaidi?

Nduma. Ningeweza kuishia hapo. Nduma hupandwa pale pale ambapo mvuvi anataka kusimama, kwenye tope laini la ukingoni, mstari kwa mstari, majani mapana yamefunika ardhi hivyo huoni mguu unapotua. Shina moja lililokanyagwa likavunjika shingo halikui tena vizuri, na hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuvunwa. Nimemwona mzee akishuka baada ya wageni kuondoka, akainama akinyanyua jani moja moja, akihesabu kwa sauti ya chini, kisha akapanda juu bila kusema kitu. Wageni wale hawakuruhusiwa tena na hawakuambiwa sababu. Kama hakuna njia isipokuwa kwenye nduma, ingia majini mapema, pale chini kwenye mawe, upande na mto.

Geti: liache ulivyolikuta. Lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi, maana labda ng'ombe wanategemea kupita kwenda majini. Seng'enge usiiruke kwa kuikanyaga waya wa juu. Ikilegea, mbuzi watatoka usiku. Kwenye chai pita katikati ya mistari kwenye njia ya wachumaji, na mikoba iliyotuna ishike mbele yako isivunje vichipukizi. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, njia za udongo mwekundu huteleza na kukatika kwa nyayo chache tu. Ukiona njia inamomonyoka chini yako, rudi siku nyingine. Mto wenyewe utakuwa umechafuka.

Usikaribie mahali mradi wa maji unapochukulia maji, yaani banio na bomba lake. Kuna watu waliowahi kuvua kwa dawa ya sumu katika mito hii, ni kosa la jinai, na vijiji vinavyokunywa maji hayo havijasahau. Mtu mwenye begi aliyeinama kwenye banio anashukiwa papo hapo, na maelezo hayatamwokoa. Pampu za umwagiliaji nazo huibwa. Pita mbali nazo kiasi kwamba mtu wa ng'ambo aone mikono yako.

Nyuzi za mshipi zilizokatika weka mfukoni. Ng'ombe akizimeza pamoja na majani utakuwa umemgharimu mtu pesa nyingi.

Bwawa lililo kwenye shamba ni sawa na mto?

Si sawa hata kidogo. Samaki waliofugwa kwenye bwawa ni mali ya mfugaji, kama kuku. Mashamba ya trauti yapo kando ya mito hii, na maji yao huingia na kutoka mtoni kwa mfereji, kwa hiyo mvuvi aliyepotea njia anaweza kujikuta kwenye mfereji wa mtu bila kujua. Ukiona ukuta wa udongo, wavu wa kuzuia samaki au bomba la kutolea maji, geuka. Baadhi yao hukuruhusu kuvua kwa kulipia samaki kwa kilo, uliza.

Nimpe mwenyeji samaki?

Mwulize kwanza. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki, na ingawa leo wengi wanakula, bado kuna nyumba ambazo wazee hawataki hata harufu yake jikoni. "Mama, leo nimepata wawili, mnatumia?" inatosha. Wakikubali, wapeleke wakiwa wamesafishwa tayari, lakini usisafishie kwenye maji wanayochota.

Akikataa?

Mshukuru na uondoke, bila kuuliza sababu na bila kutaja katiba. Hapana ya leo mara nyingi inahusu mtu mwingine aliyetangulia, labda kijana wa mjini aliyemvunjia uzio mwaka jana. Mwachie jina na namba yako akitaka kuichukua. Mkikutana sokoni miezi baadaye msalimie. Nimeona mashamba yakifunguka kwa njia hiyo, na sijaona hata moja lililofunguka kwa kubishana getini. Na usipite kwa jirani ili uingie kwake kutoka mtoni.

Nina ruhusa, lakini mtu mwingine ananifukuza.

Simamisha kuvua, kunja mshipi, toa salamu. Sema ni nani aliyekuruhusu, na mpigie simu mwenyeji mbele yake waongee wao kwa wao. Wakikubaliana, endelea. Wasipokubaliana, panda juu, hata kama unaamini mwenyeji wako ana haki. Kwenye ardhi ambayo urithi haujaisha, wewe huwezi kujua nani ana haki, na si kazi yako kuamua. Kukiwa na vitisho au ukidaiwa pesa kwa nguvu, ondoka kwanza, kisha toa taarifa kwa naibu wa chifu au polisi.

Naweza kuja na marafiki?

Ruhusa ni yako peke yako hadi mwenyeji aseme vingine. Ukitaka kuleta wengine, omba upya na utaje idadi. Wanne ndani ya bonde dogo ni wengi. Wala usiweke mtandaoni picha inayoonyesha nyumba, geti au alama za njia. Mwenyeji alikukaribisha wewe, na akiamka Jumamosi akakuta magari sita barabarani atajua yametoka wapi. Picha ya samaki na maji inatosha.

Nimezoea kuvua Marekani au Uingereza. Tofauti ni nini?

Usibebe sheria ya kule. Jimbo la Montana lina sheria ya 1985 inayomruhusu mvuvi kutembea ndani ya mto na ukingoni hadi alama ya maji ya juu ya kawaida, mradi ameingilia mahali pa umma, kwa mfano darajani. Kenya haina sheria kama hiyo. Uingereza ni kinyume: kwenye mito isiyofikiwa na maji ya bahari, haki ya kuvua kwa kawaida ni ya mwenye ukingo, hadi katikati ya mto, naye huikodisha kwa vyama vya wavuvi. Kenya mkulima hana haki hiyo ya kuuza samaki wa mtoni. Ana mamlaka juu ya nyayo zako tu. Kwa hiyo akikuuzia "haki ya mto" kwa msimu, jua kwamba unachonunua ni njia.

Na Tanzania?

Trauti walipandwa pia Kilimanjaro, Usambara na nyanda za juu kusini, Mufindi ikiwemo. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na katika ardhi ya kijiji utaanzia kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, ujitambulishe, kisha uende kwa mwenye shamba. Kule ofisi ya kijiji ina uzito kuliko ya naibu wa chifu wa Kenya, kwa hiyo usiiruke. Ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni uliotajwa katika Sheria ya Mazingira ya 2004 unazuia shughuli za kudumu, hautoi njia. Leseni iko chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Mashamba ya chai ya Mufindi omba kwa meneja, kama ilivyoelezwa juu.

Ruhusa hudumu muda gani?

Siku mliyokubaliana. Hata ukiwa umezoeleka, piga simu kila unapokuja, kwa sababu kunaweza kuwa na msiba, mahari, au ng'ombe mgonjwa wa ugonjwa unaobebwa na viatu. Ukimaliza, pitia nyumbani uage kabla ya kuingia garini, ili wajue umetoka bondeni salama na wasibaki wakiangalia taa yako gizani. Mwisho wa msimu, pita hata kama huvui. Mzee akifariki, ruhusa aliyokupa imekwisha naye: nenda mazishini kama unaweza, na baada ya muda wa kuomboleza anza upya kwa anayelima pale sasa, kwa hodi na salamu kamili.